Kozi ya wiki 12 ya uandishi kwa wanaoelekea chuo kikuu: niliyoyaona ndani yake

Kwa muda wa wiki 12 nimeifuatilia kwa karibu kozi moja ya mtandaoni inayowaandaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kwa uandishi wa chuo kikuu. Aliyejiandikisha si mimi bali mpwa wangu, binti wa dada yangu. Mimi, ambaye kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niliruhusiwa na mkufunzi kusikiliza baadhi ya vipindi, na mpwa wangu akanionyesha kila rasimu pamoja na maoni aliyoandikiwa pembeni. Jina la kozi nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na pia kwa kuwa kozi za namna hii zinafanana kiasi kwamba mzazi anayefikiria kumwandikisha mtoto katika nyingine yoyote atakutana na mengi ya haya haya.

Kila kundi lina wanafunzi 18 na mkufunzi mmoja. Kuna vipindi viwili vya moja kwa moja kila wiki, kila kimoja cha dakika 90, na kuna kazi kuu tatu ambazo kila moja hupitia rasimu tatu. Ahadi ya kozi ni kwamba atakayemaliza ataweza kuandika insha ya kurasa sita hadi nane yenye hoja yake mwenyewe, iliyojengwa juu ya maandiko aliyoyasoma na kuyaelewa. Ni ahadi ya kiasi, na nilifurahi kuona kwamba hawakuahidi alama za juu mahali popote. Cheti hutolewa mwishoni. Kina rangi za kupendeza, na sidhani kama kuna mhadhiri atakayekiulizia.

Ili kuipima kozi kwa haki, ni lazima kwanza nieleze ni pengo gani inajaribu kuliziba. Mwanafunzi wa sekondari huandika kwa ajili ya msahihishaji mwenye rundo la karatasi mbele yake na mwongozo wa usahihishaji mkononi. Hupewa swali asilolichagua na dakika chache za kulijibu, na hufunzwa umbo moja ambalo haliwezi kumwangusha: utangulizi, aya tatu za hoja, kisha hitimisho linalorudia utangulizi kwa maneno mengine. Siungani na wanaolidhihaki umbo hilo, kwa maana linamfunza mtoto kwamba kila aya ina kazi yake na kwamba msomaji anahitaji kuongozwa. Ila humfunza pia, bila kukusudia, kwamba hoja ni tatu siku zote, kwamba hoja hizo hazidaiani chochote, na kwamba kuandika ni kuonyesha unachokijua tayari. Akifika chuoni anakuta msomaji wa aina nyingine kabisa, ambaye anayajua mambo yenyewe kuliko yeye na haulizi „unajua nini?” bali „kwa nini nikuamini, na wale waliosema kinyume chako umewajibu vipi?”

Mitihani mikubwa imechangia hali hii. SAT, mtihani wa Marekani unaotumika kuombea nafasi chuoni, iliongeza insha ya dakika 25 mwaka 2005, na muda mfupi baadaye Les Perelman, mwalimu wa uandishi wa chuo kikuu cha MIT, akaonyesha kwamba alama zilizotolewa ziliendana kwa karibu mno na urefu wa insha, ilhali makosa ya ukweli hayakumgharimu mwandishi. Insha hiyo ikafanywa ya hiari mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaondolewa katika mitihani ya kawaida. Hata hivyo, si haki kuitupia lawama zote mitihani ya sasa, kwa sababu manung’uniko ya vyuo ni ya zamani kuliko mitihani hiyo: Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwatahini waombaji kwa insha miaka ya 1870, kikasikitishwa na kilichokisoma, na mwaka 1885 kikaanzisha somo la uandishi kwa wanafunzi wapya. Kwa hiyo kozi niliyoipitia inajaribu kufanya kwa wiki 12 jambo ambalo taasisi kubwa zimelishughulikia kwa karne na zaidi, na kipimo changu kinalizingatia hilo.

Wiki mbili za kwanza wanafunzi hawaandiki insha hata moja. Wanasoma. Mpwa wangu alikasirika, kwa kuwa alikuja kufundishwa kuandika na akaona anapotezewa muda. Mimi nilifurahi, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanaoandika vibaya kwa kweli wamesoma vibaya. Zoezi la kwanza lilikuwa kufupisha makala ya kurasa tatu kwa maneno 120 bila kuingiza maoni yoyote, kisha kwa maneno 60, kisha kwa sentensi moja. Zoezi la pili lilikuwa gumu zaidi: kwa kila aya ya makala ile ile, mwanafunzi aandike upande mmoja aya inasema nini, na upande wa pili aya inafanya nini. Je, inatoa dai? Inakubali sehemu ya hoja ya mpinzani ili iipinge sehemu iliyobaki? Inaeleza neno ambalo wengine wamelitumia ovyo? Mpwa wangu aliujaza upande wa kwanza kwa nusu saa, na upande wa pili ulimchukua siku mbili. Alipomaliza aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kutoka kwa mtoto wa umri wake: „Mjomba, huyu mwandishi hiyo aya ya nne haiamini. Ameiweka tu ili aibomoe.” Kama kozi ingeishia hapo, bado ningesema imefanya kazi.

Mada ya kazi kuu ya kwanza ilikuwa muda wa kuanza masomo asubuhi, na ilichaguliwa vizuri, kwa kuwa kila mwanafunzi ana maoni juu yake na pia kuna maandiko ya kutosha ya kuyapima maoni hayo. Walisomeshwa pendekezo la mwaka 2014 la American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Wakasomeshwa pia habari za California, ambayo sheria yake ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeweka saa hiyo hiyo kwa sekondari za umma. Na wakapewa maandiko ya wanaopinga, wanaozungumzia mabasi, michezo ya jioni, na wazazi wanaowahi kazini.

Dai kuu la kwanza la mpwa wangu lilikuwa hili: „Usingizi ni muhimu sana kwa wanafunzi.” Mkufunzi aliandika pembeni maneno mawili tu: „Nani atabisha?” Maneno hayo mawili aliyaandika kwenye rasimu za karibu kundi zima, hadi wanafunzi wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kwa utani. Dai la pili lilikuwa kwamba shule zote zichelewe kuanza, na hapo pembeni palikuwa na swali jingine: „Makala ya tatu uliyosoma inasema mabasi yale yale hubeba watoto wa shule za msingi kwanza. Umemjibu wapi?” Dai la tatu, baada ya wiki moja ya kununa, lilisema kwamba kuchelewesha masomo kunasaidia pale tu ambapo usafiri na shughuli za jioni navyo vimepangwa upya, kwa kuwa vinginevyo usingizi unaopatikana asubuhi utaliwa na usiku. Dai hilo si la ajabu, na mtu anaweza kulipinga kwa urahisi. Ndiyo maana linafaa: lina mpinzani, na kwa sababu hiyo insha yote ina jambo la kufanya.

Somo la hoja lenyewe lilitegemea mpango wa Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza ambaye mwaka 1958 aligawanya hoja katika sehemu sita, zikiwemo dai, ushahidi, na kile kinachomruhusu mtu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo wanafunzi huiruka, kwa kuwa kwao imo kichwani na wanadhani imo pia kichwani mwa msomaji. Kulifundisha hili ni jambo jema, lakini kozi ililigeuza kuwa fomu yenye visanduku sita, na kwa wiki nzima nilisoma aya zilizoandikwa kwa kujaza visanduku, kila moja ikiwa na pingamizi lake dogo lililowekwa pale kwa sababu kisanduku kilikuwa wazi. Umbo la aya tano lilikuwa limefukuzwa mlangoni, likarudi kwa dirishani limevaa kanzu ya falsafa.

Nguvu halisi ya kozi iko katika rasimu. Mwaka 1980 mtafiti Nancy Sommers alilinganisha namna wanafunzi na waandishi wazoefu wanavyorekebisha kazi zao, akakuta kwamba wanafunzi hulielewa zoezi hilo kama kubadilisha maneno, ilhali wazoefu hulielewa kama kulitafuta umbo la hoja yenyewe. Kozi imejengwa juu ya tofauti hiyo. Rasimu ya kwanza hupata maoni juu ya hoja peke yake. Rasimu ya pili, juu ya mpangilio wa aya na matumizi ya vyanzo. Na ya tatu tu ndiyo inayoguswa kwa sarufi, tahajia na alama za uandishi. Dada yangu alipoiona rasimu ya kwanza imerudi na makosa kumi ya tahajia ambayo hayakuguswa, alinipigia simu kuniuliza kama mkufunzi yule amesoma. Nilimweleza nilivyoelewa mimi: ukisahihisha tahajia ya aya ambayo itafutwa kesho, umemfundisha mwanafunzi kuipenda aya hiyo. Dada hakuridhika sana, na ninamwelewa, kwa kuwa kalamu nyekundu ndiyo alama ya bidii ya mwalimu ambayo sote tumekua nayo.

Kati ya rasimu ya kwanza na ya pili wanafunzi hutakiwa kufanya jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa sekondari alifanye, hata kama hatachukua kitu kingine chochote kutoka kozi hii. Insha ikishaandikwa, mwanafunzi huchukua karatasi tupu na kuandika sentensi moja kwa kila aya, akieleza aya hiyo imesema nini kwa hakika, si alichokusudia iseme. Kisha huzisoma sentensi hizo zenyewe kwa mfuatano. Mpwa wangu aligundua kwamba aya ya tatu na ya sita zilisema kitu kimoja, kwamba aya ya tano haikuwa na dai lolote, na kwamba jambo lake bora lilijificha katika sentensi ya mwisho ya aya ya saba, mahali ambapo alikuwa amechoka na kuacha kujipamba. Alifuta maneno 400 usiku huo. Ujumbe alionitumia ulisomeka, „Mjomba, nimeua nusu ya insha,” na kulikuwa na fahari ndani yake. Katika mfumo wa sekondari, ambako maneno yanahesabiwa na karatasi iliyojaa huonekana ni ya mwerevu, kufuta maneno 400 ni hasara. Hapa lilikuwa zoezi lililotimizwa.

Usomaji wa wenzao, yaani mwanafunzi kutoa maoni juu ya rasimu ya mwenzake, ulianza vibaya kwa „kazi nzuri, hongera” na ukatengemaa kiasi pale mkufunzi alipowataka waandike sehemu tu ambazo walipotea njia. Sina zaidi ya hapo la kusema juu yake.

Sehemu ya marejeleo ndiyo dhaifu kuliko zote, na hapa sitatafuna maneno. Ilipewa wiki moja, na wiki hiyo ilitumika karibu yote kukariri mahali pa nukta, mabano na herufi za mlazo katika mtindo wa APA, yaani kanuni za kutaja vyanzo za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kwa mujibu wa toleo la saba la mwaka 2019. Mtindo huo ulianza mwaka 1929 kama mwongozo mfupi katika jarida la saikolojia. Mtindo mwingine, ule wa Chicago, ulichapishwa mwaka 1906. Wanaosoma fasihi na lugha hutumia mtindo wa tatu, MLA. Mwanafunzi ambaye hajajua atasoma nini chuoni hawezi kujua atahitaji upi, na kwa vyovyote kompyuta itampangia nukta zake. Lisilopangwa na kompyuta ni uamuzi: ni lini jambo lahitaji kutajiwa mwenyewe na lini ni la wote, ni lini maneno ya mwandishi yanukuliwe yalivyo na lini yaelezwe upya, na msomaji atajuaje mahali sauti ya chanzo inapokoma na ya mwandishi inapoanza. Hayo yalipata dakika 20.

Matokeo yake yalionekana katika kazi ya pili. Wanafunzi kadhaa walichukua sentensi za chanzo, wakabadilisha neno hapa na pale, wakaweka mabano sahihi mwishoni, na wakadhani wamemaliza. Mtafiti wa uandishi Rebecca Moore Howard aliuita mtindo huu uandishi wa viraka tangu miaka ya 1990, na alisisitiza kwamba mara nyingi huo si wizi bali ni hatua ya mtu anayejifunza kuandika juu ya jambo ambalo bado hajalielewa vizuri. Dawa yake ni kumrudisha kwenye kusoma: funika makala, eleza kwa mdomo imesema nini, kisha andika. Kozi ambayo ilianza na wiki mbili nzuri kama zile ilikuwa na dawa hiyo mkononi na haikuitumia. Badala yake iliwapa wanafunzi programu ya kupima mfanano wa maandishi na kuwaambia kwamba kazi yenye zaidi ya asilimia 15 itarudishwa.

Asilimia hiyo haina maana waliyoipa. Programu za aina hiyo hutafuta mfuatano wa maneno unaofanana na maandiko yaliyomo kwenye hifadhi yake. Namba yenyewe haisemi kama mfanano huo ni nukuu iliyowekewa alama, orodha ya marejeleo, jina refu la taasisi, au wizi. Kazi ya mpwa wangu ilipata asilimia 22, na nilipoifungua ripoti nikakuta kwamba karibu yote ilitokana na orodha ya marejeleo na nukuu mbili zilizotajwa ipasavyo. Alizibadilisha nukuu kwa maneno yake ili namba ishuke, na insha ikawa mbaya zaidi, kwa sababu nukuu mojawapo ilikuwa ni maneno ya sheria ambayo hoja yake yote ilitegemea yalivyoandikwa. Kozi inayomfundisha mtoto kuandika ili kuiridhisha namba imemrudisha pale pale ilipomtoa.

Suala la akili mnemba linafuata hapo hapo. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, hakuna kozi ya uandishi inayoweza kulikwepa swali hili, na kanuni ya kozi hii katika maandishi ni ya busara: mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia kuuliza maswali na kutafuta mapingamizi dhidi ya dai lake, haruhusiwi kuipa kazi ya kuandika rasimu, na anatakiwa kueleza katika aya moja mwishoni aliitumiaje. Kilichoniudhi ni namna kanuni hiyo inavyolindwa. Kozi hupitisha kila rasimu katika programu inayodai kutambua maandishi ya mashine, na katika wiki ya nane kijana mmoja wa kundi la mpwa wangu aliandikiwa mbele ya wenzake kwamba kazi yake „inaelekea” kuwa si yake.

Kijana huyo huandika katika lugha ambayo si yake ya kuzaliwa, kwa sentensi fupi na msamiati wa kawaida, na watu wa namna hiyo ndio hasa wanaoonewa na programu hizi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za utambuzi kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine. Mwaka huo huo, mwezi Julai, kampuni ya OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, iliondoa programu yake ya utambuzi kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kijana aliokolewa na kumbukumbu ya mabadiliko ya faili lake, ambayo ilionyesha sentensi zikizaliwa, zikifutwa na kurudi kwa siku nne mfululizo. Mkufunzi alimwomba radhi, tena vizuri, lakini programu iliendelea kutumika. Ushahidi bora ulikuwa umo tayari ndani ya kozi tangu mwanzo: mwalimu aliyesoma rasimu tatu za mtoto na kumsikia akizitetea hahitaji mashine ya kumwambia ni nani aliyeziandika.

Hapo ndipo ninapofika kwa mkufunzi mwenyewe, kwa kuwa mema yote niliyoyasifu yalipita mikononi mwake, na mabaya mengi yalitokana na uchovu wake. Hesabu ni rahisi: wanafunzi 18, kazi tatu, rasimu tatu, jumla ni rasimu 162. Zikichukua dakika 20 kila moja, ambazo ni chache kwa msomaji makini, hizo ni saa 54 za kusahihisha nje ya vipindi, na rasimu haziji kidogo kidogo bali kwa mafungu. Katika kazi ya kwanza maoni yalifika baada ya siku tatu na yalikuwa na maswali ya aina ile ya „Nani atabisha?” Katika kazi ya pili yalikuwa mafupi. Katika kazi ya tatu rasimu ya kwanza ya mpwa wangu ilirudi siku ya tisa, wakati rasimu ya pili ilikuwa imeshapaswa kukabidhiwa siku mbili kabla, na maoni yake yalisema „panua hoja yako” na „ongeza ushahidi”, maneno ambayo yangeweza kubandikwa kwenye insha yoyote duniani. Baadaye tuliambiwa kwamba maoni ya awali ya kazi ya tatu huandaliwa na programu na mkufunzi huyapitia. Hilo lilipaswa kusemwa siku ya kujiandikisha. Uzuri wa kozi hii ni kwamba inampa mtoto msomaji mmoja mwenye akili anayeisoma kazi yake kwa dhati. Msomaji huyo akiondoka, kinachobaki ni ratiba na video.

Kuna pengo jingine ambalo mzazi anapaswa kulijua. Kozi huzungumza kana kwamba uandishi wa chuo kikuu ni kitu kimoja, nacho ni insha ya hoja. Mwanafunzi atakayesoma sayansi ataandika ripoti za maabara zenye utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, ambamo dai kuu halikai mwisho wa aya ya kwanza na ambamo kuchanganya matokeo na tafsiri yake ni kosa. Atakayesoma historia ataulizwa chanzo chake kiliandikwa na nani, lini na kwa kusudi gani, kabla ya kuulizwa kinasema nini. Wiki moja tu ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba kila fani ina namna yake ya kushawishi ingewaepusha na mshangao mkubwa, na ingeweza kupatikana kwa kuiondoa ile ya mabano na nukta.

Kwa mwanafunzi ambaye tayari ameandika kazi ndefu ya utafiti shuleni chini ya msimamizi, kama insha ya maneno 4,000 inayodaiwa katika International Baccalaureate, diploma ya kimataifa ya sekondari, sioni sababu kubwa ya kumwandikisha, isipokuwa kama kazi hiyo ilipita bila kusomwa vizuri, jambo ambalo hutokea. Kwa aliyezoea insha za mtihani peke yake, ambao ndio wengi, nusu ya kwanza ya kozi ni bora kuliko chochote nilichokiona kikitolewa kwa umri huo. Mpwa wangu alianza akiwa anaandika utangulizi kwanza na kuufia. Sasa huuandika mwisho, akishajua insha imekuwa ya nini. Kazi yake ya tatu, pamoja na maoni yale ya kubandika, ilikuwa na aya mbili ambazo ningezipokea bila kusita kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na aya moja ya visanduku sita ambayo alikiri mwenyewe kwamba aliiacha kwa sababu alikuwa na usingizi.

Naipa kozi nyota tatu kati ya tano. Waendeshaji huruhusu kujiandikisha kwa wiki sita za kwanza peke yake, zenye usomaji, kazi ya kwanza na rasimu zake zote, na mdogo wake mpwa wangu, ambaye ataingia mwaka wa mwisho muhula ujao, nimemwandikisha kwa wiki hizo tu. Kabla ya kufanya hivyo niliuliza kundi lake litakuwa na wanafunzi wangapi na maoni ya rasimu ya kwanza yataandikwa na nani, na nikaomba jibu kwa maandishi.